Kura ya Siri, Hesabu ya Wazi



Tumeombwa tuzungumze juu ya mambo matatu ambayo siku hizi hujadiliwa kwa pamoja, na aghalabu kwa hasira: upelelezi wa serikali juu ya raia, uchaguzi, na viongozi. Zamani mazungumzo ya namna hii yalikuwa ya kunong'onezana, ndani ya matatu au nyuma ya mlango uliofungwa. Leo yanafanyika kwenye simu, mchana peupe, na wengi wanaoyafanya ni vijana waliozaliwa baada ya kura ya mlolongo kuzikwa. Twaona ni vyema tuanze na mlolongo huo, kwa maana mambo yote matatu yalikutana hapo katika uwanja mmoja.

Mwaka 1988 KANU, ambayo tangu Juni 1982 ilikuwa chama pekee kilichoruhusiwa na sheria, iliteua wagombea wake wa ubunge kwa kuwapanga watu mistari. Mpiga kura alisimama nyuma ya mgombea wake, au nyuma ya wakala aliyeinua picha ya mgombea huyo. Aliyepata asilimia 70 ya waliopanga foleni alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa, na kura ya karatasi haikumhusu tena. Fikirini hali ilivyokuwa. Chifu yupo anatazama. Mwajiri yupo. Mwenye duka anayekukopesha unga yupo. Mwalimu mkuu anaona walimu wake wamesimama wapi. Kila aliyejitokeza alijua kwamba uso wake umeandikwa katika kumbukumbu ya mtu, kama si katika daftari la kachero.

Je, uwazi huo ulileta haki? Hata kidogo. Mahali pengi mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Watu walikuwa wameuona kwa macho yao, lakini walipokwisha kutawanyika hapakuwa na karatasi hata moja ya kuhesabu upya; palikuwa na neno la msimamizi tu. Jarida la Beyond, lililochapishwa na baraza la makanisa, lilipoandika habari za udanganyifu huo, lilipigwa marufuku Machi mwaka huo huo. Kenneth Matiba naye alijiuzulu uwaziri Desemba 1988 akilalamikia wizi katika uchaguzi wa ndani ya chama, na miaka miwili haikupita kabla hajatupwa kizuizini.

Katika mlolongo, basi, jambo lililopaswa kufichwa lilianikwa, nalo ni chaguo la mtu. Na jambo lililopaswa kuanikwa lilifichwa, nalo ni hesabu. Hatukuja hapa kusimulia historia kwa ajili ya kujiliwaza. Tunadai kwamba mageuzi yote ya siasa tuliyoyapigania tangu wakati ule yalikuwa ni kazi ya kugeuza mpango huo, na kwamba kazi hiyo imefanikiwa upande mmoja huku upande wa pili ukirudi nyuma tukitazama.

Tuuangalie kwanza upande uliofanikiwa.

KANU yenyewe iliutupa mlolongo katika mkutano wake wa Kasarani, Desemba 1990, baada ya Saba Saba na baada ya wananchi kuieleza bila woga kamati iliyozunguka nchi ikikusanya maoni. Mwaka uliofuata, Desemba 1991, kifungu cha 2A kikaondolewa katika katiba. Uchaguzi wa 1992 ulirudisha karatasi ya siri. Lakini masanduku bado yalisafirishwa kutoka kituo cha kura hadi mahali pa kuhesabia, usiku, katika barabara ambazo wengine wenu mnazijua vizuri, na kila kilomita ilikuwa nafasi ya mtu kufanya hila. Ni katika uchaguzi wa 2002 ndipo kura zilipoanza kuhesabiwa palepale zilipopigwa. Sisi twaamini kwamba badiliko hilo, lisilotajwa sana katika hotuba za mashujaa, lilifanya kazi kubwa kuliko mikutano mingi ya hadhara.

Mwaka 2007 tulionyeshwa kwamba hata hilo halitoshi. Kura zilihesabiwa vituoni, lakini zikajumlishwa katika chumba ambacho wananchi hawakuweza kukiona ndani, huko KICC. Desemba 30 mshindi akatangazwa, na waziri wa usalama wa ndani akapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Siku chache baadaye mwenyekiti wa tume, marehemu Samuel Kivuitu, alisema hajui kama aliyetangazwa ndiye aliyeshinda. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Tume ya Jaji Kriegler iliposema mwaka 2008 kwamba haiwezekani tena kujua nani alipata nini, ilikuwa inasema kwa lugha ya kisheria jambo ambalo wanavijiji wa 1988 walilisema kwa lugha yao.

Katiba ya 2010 ilijibu msiba huo. Ibara ya 86 inataka upigaji kura uwe rahisi, sahihi, wa kuthibitishika, salama, na wenye uwazi. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, wala makao makuu ya tume hayana ruhusa ya kuyageuza. Septemba 1 mwaka huo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, jambo lisilopata kutokea barani Afrika kwa amri ya mahakama baada ya rais aliye madarakani kutangazwa mshindi. Tukumbuke kwamba mahakama iliamuru seva za tume zifunguliwe zikaguliwe, na tume haikuzifungua kama ilivyoamriwa. Tukumbuke pia kwamba mwishoni mwa Julai, siku chache kabla ya kura, Chris Msando, aliyekuwa msimamizi wa mitambo hiyo, aliuawa baada ya kuteswa. Aliyeamuru kifo hicho hajafikishwa mbele ya hakimu yeyote.

Ndipo mwaka 2022 tume ikafanya jambo ambalo mwaka 1992 lingeonekana ndoto: ikaweka hadharani nakala za fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000, mwenye simu yeyote azione. Vijana walijumlisha wenyewe vyumbani mwao. Makamishna wanne kati ya saba walipoyakana matokeo, na kesi ilipofika Mahakama ya Juu, mabishano yalikuwa makali, lakini yalikuwa mabishano juu ya karatasi ambazo kila mtu alikuwa amezisoma. Wapo miongoni mwetu wasioukubali uamuzi wa mahakama hiyo hadi leo, na hiyo ni haki yao. Hata wao wanabishana wakiwa na fomu mkononi.

Sasa tuugeukie upande wa pili, ule wa raia.

Wazee waliopo hapa hawahitaji kuelezwa kazi ya Special Branch. Mtu aliulizwa alisoma kitabu gani, alikunywa chai na nani, barua yake kutoka ng'ambo ilisema nini. Katika msako wa Mwakenya ulioanza 1986, waliokamatwa walishushwa katika vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo, na wakatoka huko kwenda moja kwa moja mahakamani kukiri. Julai 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia manusura 21 wa mateso hayo, na baada yao wengine wengi. Upelelezi wa siku zile ulikuwa na udhaifu mmoja uliotusaidia: ulihitaji watu. Kachero alipaswa kukaa kwenye meza ya pili hotelini, na kachero hula, hulala, na hujulikana. Kila mtaa ulimjua wake.

Simu ya mkononi haihitaji mtu wa kuifuata. Ikiwashwa, huzungumza na mnara ulio karibu, na kampuni huweka kumbukumbu ya mnara huo na saa. Ukimpigia mtu, huandikwa nambari yake, siku, na muda mliozungumza. Ukilipa kwa simu, huandikwa uliyemlipa na kiasi. Maneno yenu yanaweza yasisikilizwe na yeyote, na bado anayezisoma kumbukumbu hizo akajua unalala wapi, unasali wapi, ulihudhuria mkutano upi, na ulipotoka ulimpigia nani kwanza. Kwa kuwa kila laini husajiliwa kwa kitambulisho, na mwaka 2022 nchi nzima iliambiwa ihakikishe usajili wake upya, nambari hiyo si nambari tena. Ni jina la mtu. Aliyekwenda kwenye mkutano wa hadhara akiwa na simu mfukoni amesimama mstarini nyuma ya picha ya mgombea wake, ijapokuwa hakumwona chifu yeyote.

Serikali hujibu kwamba sheria ipo, na ni kweli ipo. Ibara ya 31 ya katiba inalinda faragha ya mtu na ya mawasiliano yake. Sheria ya idara ya ujasusi ya 2012 inataka kibali cha jaji wa Mahakama Kuu kabla ya kunasa mawasiliano. Sheria ya kulinda data ilipitishwa 2019, na kwa nguvu yake Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma Namba Oktoba 2021 kwa sababu serikali ilianza kazi bila kupima madhara yake. Lakini kando ya mlango huo wenye kufuli kumetobolewa matundu. Sheria za usalama zilizopitishwa bungeni kwa fujo Desemba 2014 zilipanua ruhusa ya kunasa mawasiliano kwa ajili ya kupambana na ugaidi. Februari 2015 mahakama ilifuta vifungu vinane, na hicho kikasalia. Mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kuunganisha mtambo na kampuni za simu, ikasema ni wa kutambua simu bandia tu. Mahakama Kuu ilikataa 2018, Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi huo 2020.

Hapa husimama mtu mwema akasema: mnataka magaidi waachwe? Swali hilo ni la haki, na sisi hatulikwepi. Nchi hii imezika watu wa Westgate mwaka 2013, na wanafunzi wa Garissa mwaka 2015, ambako watu 148 waliuawa. Twataka wauaji wasikilizwe, wafuatwe, wakamatwe. Lakini tukumbuke Garissa kwa ukweli wake. Tahadhari zilikuwa zimetolewa. Kilichokosekana asubuhi ile si masikio. Ni miguu, kwa maana kikosi maalumu kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi. Na kibali cha jaji hakijapata kumwokoa gaidi yeyote. Kinachozuiwa na kibali ni afisa kumtafuta adui wa mkubwa wake kwa mtambo ulionunuliwa kwa kodi yetu.

Tena tazameni mitambo na maarifa hayo yametumika juu ya nani. Juni 2024 vijana waliupinga Mswada wa Fedha. Juni 24 Mamlaka ya Mawasiliano ilituhakikishia kwamba haina nia ya kuzima intaneti. Juni 25, siku ya maandamano makubwa, intaneti ikalegea nchi nzima. Miezi iliyofuata watu walichukuliwa na magari yasiyo na alama, wakaingizwa ndani na wanaume waliofunika nyuso. Kufikia Desemba 2024 tume ya taifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni. Baadhi yao walikuwa wamebadilisha nyumba, wamejificha kwa rafiki, na bado gari lilijua mlango wa kubisha. Juni 2025 mwalimu mmoja kijana alikamatwa Homa Bay kwa maneno yaliyoandikwa mtandaoni juu ya mkubwa wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, akafa mikononi mwa polisi. Umma uliambiwa alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walioufanyia mwili uchunguzi wakasema majeraha yale si ya kujigonga.

Twajua wapo wasemao kwamba asiye na hatia hana la kuogopa. Tungependa waseme hivyo mbele ya mzazi wa mwalimu yule.

Ndugu zangu, tusimnyooshee kidole serikali peke yake, maana vyama navyo vimejifunza. Mwaka 2017 watu wengi walipata ujumbe wa simu kutoka kwa wagombea wasiowahi kuwapa nambari, ukiwataja kwa jina na kwa eneo wanalopigia kura. Nani aliwauzia? Mwaka uliofuata wakuu wa kampuni ya Uingereza, Cambridge Analytica, walinaswa na kamera ya siri wakijigamba kwamba waliendesha kampeni za urais hapa kwetu mwaka 2013 na 2017. Huenda walikuwa wakijitia ushujaa kama wafanyabiashara wote, lakini chama kilichohusika kilikiri kwamba kampuni yenye uhusiano nao kililipa. Na Juni 2021 Wakenya walipofunguliwa nafasi ya kutazama orodha za vyama, maelfu walikuta wameandikwa kuwa wanachama wa vyama wasivyovijua hata rangi zake. Jina na nambari ya kitambulisho vilichukuliwa, pengine katika daftari la mlinzi langoni. Vyama vya upinzani vilikuwamo. Chama kinachoiba uanachama wa mtu kabla ya kushika dola hakitaheshimu simu yake kikishaishika.

Ndiyo maana suala la uongozi halitengani na haya. Kiongozi ni mtu ambaye kazi yake ipo ya kutazamwa. Mwaka 2024, wabunge walipopiga kura juu ya mswada ule, orodha ya waliosema ndiyo ilisambaa kabla jua halijatua, na simu zao zikajaa. Baadhi yao walilalamika kwamba faragha yao imevunjwa. Tutenganishe mambo. Nyumba ya mbunge, wanawe na shule yao, hayo ni yake, na waliochoma na kutisha walikosea. Kura yake bungeni si yake. Ni yetu, aliipiga kwa niaba yetu. Ajabu ni kwamba sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003, iliyowataka viongozi waandike mali zao, iliyafungia matamko hayo kabatini, na kwa muda ikawa kosa kuyachapisha. Basi kwa miaka mingi serikali iliweza kujua mama mboga wa Gikomba alipokea shilingi ngapi jana, na mama mboga hakuweza kujua waziri alijenga jumba kwa fedha gani.

Tunaelekea Agosti 10, 2027. Tume ya uchaguzi ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, na muda huo uliopotea hauwezi kurudishwa. Madai yetu kwa tume tumekwisha kuyapeleka kwa maandishi: fomu zote zibandikwe mlangoni na kuwekwa hadharani kama 2022, zikiwamo za wabunge na magavana, si za rais tu, seva zikaguliwe na wataalamu wa pande zote kabla ya siku ya kura, si baada ya msiba, daftari la wapiga kura lisitolewe likiwa na nambari za simu. Kwa Bunge tumedai kwamba kumbukumbu za simu, hata zisizo na maneno ndani yake, zisitolewe na kampuni kwa afisa yeyote bila amri ya mahakama yenye jina, sababu na mwisho, na kwamba aliyepelelezwa aarifiwe uchunguzi ukimalizika. Mawakili walio nasi wamesema dai hili la mwisho litapingwa kuliko yote. Tunasadiki.

Wakati huohuo, tunahitaji mawakala wa vituo, wawili kila kituo, watakaokaa mpaka fomu itiwe saini na kupigwa picha, hata ikiwa ni saa tisa usiku na mvua inanyesha. Karatasi za kujiandikisha ziko kwenye meza ya katibu. Zina nafasi ya jina na ya kituo. Nafasi ya kitambulisho tumeikata kwa kalamu, kwa kuwa hatutaihitaji mpaka siku ya kuwaombea vyeti vya uwakala, na nambari ya simu ataandika apendaye. Orodha itakaa kwa katibu, haitapigwa picha, na kila mmoja anaweza kuja kufuta jina lake bila kuulizwa sababu.

Ndugu Mwenyekiti, tuko tayari kwa maswali.